Mwalishi, Tableti na Salamu Zilizokalia Majina ya Watu

Saa tatu asubuhi, Tumu Mzamil anapiga hodi mlango wa kijani mtaani Kibokoni. Kwapani amebana tableti iliyovishwa mfuko wa plastiki, utadhani ametoka kununua samaki.

"Hodi wenyewe!"

"Karibu!" inajibu sauti ya mwanamke kutoka dirisha la juu.

Tumu hapandi. Anarudi nyuma kidogo, anainua uso na kusema kwa sauti ya kusikika hadi nyumba ya tatu: "Bi Saadia wa Ndia Kuu awasalimu sana. Mwaalikwa nyote, wakubwa kwa wadogo, harusi ya mwanawe Shifa, Ijumaa baada ya Isha. Hakupenda mpitwe."

"Inshallah twaja! Ngoja basi unywe kahawa."

"Sina nafasi, mamangu. Nyumba bado nyingi."

Nafasi hana, lakini kipande cha halua anachoteremshiwa anakipokea, maana kukirudisha ni utovu wa adabu. Na hapo ndipo balaa linapoanza. Anatoa tableti ili aipake nyumba hiyo rangi ya kijani, alama kwamba imeshaalikwa. Anagusa kioo. Kimya. Anagusa tena. Wapi! Vidole vimejaa samli ya halua.

Anavipangusa kwenye buibui, anagusa mara nyingine, na wakati huo huo jina la nyumba linamponyoka na kuteremka chini, kwa sababu kuna mtu, pahali fulani, ameamua kuyapanga majina upya. Iliyopakwa kijani ni nyumba ya Mkanyageni ambayo Tumu hajaifikia hata kwa ndoto.

"Yarabi!" anasema, akiitolea macho tableti kama mama aliyemfuma mwanawe kwenye chungu cha sukari. "Nani tena huyu anichezea?"

Tumu, mwenye umri wa miaka 43, mkaazi wa Kuze, ni mwalishi. Kazi yake ni kutumwa na mwenye harusi kupita nyumba kwa nyumba kualika watu kwa mdomo. Huku Mji wa Kale, kadi ya maandishi ya dhahabu ni ya kuwekwa kabatini, na ujumbe wa simu ni habari tu. Mtu hajaalikwa mpaka mwalishi asimame mlangoni pake aseme.

Mamake aliifanya kazi hii kwa miguu na koo peke yake, mpaka magoti yakamgomea. Tumu akairithi akidhani amerithi kutembea.

"Watu hunionea huruma kwa kutembea juani," anasema. "Kutembea ni starehe! Kazi ni hii karatasi inayohama."

Hiyo anayoiita karatasi ni faili ya mtandaoni, jedwali lenye kila mtaa, kila nyumba na idadi ya wageni. Familia zimetawanyika siku hizi. Kuna shangazi aliyehamia Tudor, kuna dada yuko Nyali, na kuna mmoja yuko Maskati ambaye, kwa maelezo ya Tumu, halali. Wote wamepewa linki na wote waweza kuandika. Akipaka nyumba rangi huku Kibokoni, kule Maskati yaonekana papo hapo.

"Nikisimama kunywa maji, naulizwa," anasema. "Juzi nimekuta imeandikwa kwa herufi kubwa, TUMU, MTAA WA BALUCHI VIPI? Na wote waisoma! Wallahi nilikuwa chooni."

Harusi moja humpa shilingi elfu nane, na bando anajinunulia mwenyewe. Wapo wenye harusi wanaosahau kabisa kwamba tableti nayo hula.

Faili ya harusi hii ilitengenezwa na Joy Fondo, 24, rafiki wa bi harusi tangu walipokuwa wakisoma chuo pale karibu na Buxton. Joy aliitengeneza ikatengenezeka. Kila mtaa ulikuwa na fungu lake, kila nyumba na mstari wake, na kijani kwa zilizokwisha.

"Ilikuwa safi, Anti Tumu mwenyewe atakwambia," anasema Joy. "Lakini sikuwa nawajua hawa kina mama."

Ambalo Joy hakulijua ni hili. Mwanamke wa Mji wa Kale haingii pahali penye watu bila kutoa salamu. Bi Saadia alipofungua faili Jumapili usiku na kuona majina ya dada zake walioifungua yamejipanga juu ya kioo, alielewa kwamba ameingia barazani. Akagusa pahali pa kwanza kidole kilipoangukia, akaandika: "Assalaam aleikum, hamjambo nyote, mwaonaje hali."

Na salamu ni ya kujibiwa. Shangazi wa Tudor akajibu chini yake. Dada wa Nyali akajibu chini ya yule. Wa Maskati akajibu kwa urefu, akawaulizia na wagonjwa. Ikawa salamu saba, zimepangana kama shanga, nzuri hizo.

Ubaya ni mmoja tu. Mistari ile haikuwa mitupu. Palikuwa na majina ya watu, na salamu zikayafuta.

Joy aliziona Jumatatu asubuhi. "Nilitaka kufuta, mkono ukakataa," anakiri. "Mimi Mgiriama, Mkristo, nianze kufuta salamu za kina mama wa Kiislamu wiki ya harusi? Ningeambiwa nini? Nikazipaka rangi ya manjano tu, zipendeze."

Tumu naye, akishuka na faili yake mtaa kwa mtaa, alipofika kwenye manjano aliruka. Alidhani ni mazungumzo ya wenyewe. Hivyo ndivyo nyumba saba za Kibokoni zilivyolala chini ya salamu, hazijaalikwa, siku zikienda.

Turudi basi mlango wa kijani. Tumu hajamaliza kupangusa samli, dirisha la juu likafunguka tena.

"Tumu! Kwani Bi Swafiya hamumtaki?"

"Nani asemaye hatumtaki?"

"Yeye mwenyewe! Amenuna, ameufunga na mlango. Asema mtaa mzima umepigiwa hodi, kwake umepita wewe na buibui lako bila hata kukohoa."

Tumu akaacha kupangusa vidole. Bi Swafiya si jirani wa kusahauliwa. Bi Saadia alipokuwa akiuza kanga duka la watu Biashara Street, tangu asubuhi mpaka jioni, Shifa alikuwa mapajani mwa Bi Swafiya. Alimlisha, alimsuka, akampeleka chuo cha Kurani mkono kwa mkono. Bi harusi angekaa pale juu amepambwa, kitu cha kwanza kutafuta kwa macho ni huyo bibi.

"Mimi nilidhani mtu wa ndani kama yule ameshaambiwa na Bi Saadia mwenyewe," anaeleza Tumu. "Bi Saadia naye akadhani nimeenda mimi."

Na nyumba ikirukwa, halaumiwi faili. Alaumiwa mwalishi. Mji ni huu huu mdogo. Kufikia Ijumaa wanawake wangekuwa wakiulizana ukumbini ni nani alomwacha Bi Swafiya, na jina ambalo mamake Tumu alilitunza maisha yake yote lingekwisha kabla biriani haijapakuliwa. Familia moja ya Kuze ilikuwa imeshamwambia itamtuma mwezi ujao. Nayo ingemtuma tena?

Akaketi kwenye baraza ya jiwe, akapiga simu.

"Joy, mwanangu, Bi Swafiya yuko wapi?"

"Yuko mstari wa kwanza Kibokoni, anti."

"Mstari wa kwanza kuna salamu ya Bi Saadia."

Joy akaifungua faili kwake. Kisha: "Ala!"

Joy akamtuliza. Faili hukumbuka ilivyokuwa jana na juzi, mradi mtu ajue pa kugusa. Lakini wasiirudishe yote ilivyokuwa Jumapili, kwani kijani chote cha siku tatu kingepotea. Ilibidi watazame ya zamani, wayachukue majina saba, wayaandike upya moja moja.

Tumu akaanza. Jina la kwanza, bando likaisha. Akaingia dukani kununua jingine, akarudi barazani, akaanza tena. Jina la tatu likaruka, na mahali pake pakatokea maneno: "Sabalkheri wapenzi."

Akampigia Bi Saadia pale pale.

"Bi Saadia, nakuomba, toka!"

"Nitoke wapi? Niko kwangu nakaanga vitunguu."

"Toka kwenye faili!"

"Ala! Mtu hawezi hata kuwaamkia nduguze?"

Mwenye dirisha la juu, ambaye hakuondoka muda wote huo, alicheka mpaka akashika fremu.

Nyumba sita zilipokea mwaliko na udhuru, nyingine kwa kicheko, nyingine kwa kumpa Tumu maneno mawili matatu ambayo aliyastahimili. Ikabaki ya saba.

Bi Swafiya alikuwa ukumbini pake akitunga asumini, mlango ameuacha wazi kiasi cha kuona tu. Tumu akasema maneno yake yote, tangu salamu mpaka baada ya Isha. Sindano haikusimama.

"Msiba ningekuja bila kuambiwa," akasema Bi Swafiya. "Harusi siendi kwa kusikia madirishani."

"Mamangu, uliandikwa. Tena wa kwanza."

"Na ukaniruka."

"Nilikuruka. Lakini tazama mwenyewe."

Tumu akamkalia karibu, akaifungua faili ilivyokuwa Jumapili kabla ya salamu, kisha ilivyokuwa baadaye. Bi Swafiya akavaa miwani. Akasoma, akataka asomewe tena.

"Hili jina langu."

"Naam."

"Na hii salamu ya Saadia, imelikalia."

"Naam, mamangu."

"Alikuwa akimsalimu nani?"

"Nyote. Kila mtu aliyemo."

"Mimi nimo?"

Tumu anasema alimwonyesha ile salamu kwa kidole. "Nikamwambia, umo, lakini chini yake."

Bi Swafiya akavua miwani, akaifuta na upindo wa leso. Tumu aliona mdomo ukimtikisika lakini hakuwa na hakika kama ni kicheko.

"Basi mwambie salamu yake imefika," akasema. "Na salamu yataka jibu. Mimi kuandika humo sijui. Aje alipokee hapa mlangoni."

Bi Saadia alikuja baada ya Alasiri, kwa miguu kutoka Ndia Kuu, buibui limekwenda upande na harufu ya vitunguu ingali naye. Tableti hakuwa nayo, wala simu. Alisimama kizingitini kama msichana aliyetumwa kuomba chumvi.

"Assalaam aleikum, Bi Swafiya."

Bi Swafiya alitunga ua moja. Akatunga la pili. Tumu, aliyesimama kando akijifanya anatazama paka, asema hajawahi kuona maua yakitungwa polepole vile.

"Waaleikum salaam," Bi Swafiya akajibu mwishowe. "Mbona wachelewa? Ingia, hizi asumini ni za nywele za mwanangu, waniwacha nazitunga peke yangu."

Bi Saadia akaingia akilia, Bi Swafiya akimgombeza kwa kumrovyea maua kwa machozi. Nje, Tumu akatoa tableti mfukoni, akagusa jina. Likawa kijani kwa mguso wa kwanza na halikuhama.

"Nilikaribia kuibusu," anasema.

Ijumaa ile Bi Swafiya aliketi safu ya mbele, na kigelegele cha kwanza kilikuwa chake. Familia ya Kuze haikubadilisha nia. Ilimtumia Tumu linki juma lililofuata, nayo ina kina mama kumi na mmoja wenye ruhusa ya kuandika. Alipoiona idadi hiyo alijishika kichwa.

Lakini safari hii amejipanga. Nyumba za zamani za Mji wa Kale zina daka mlangoni, pahali pa kumpokea mtu na kuamkiana kabla hajaingia ndani. Tumu alikwenda kwa Joy akamwambia anataka faili yenye daka.

Joy akamtengenezea. Ukurasa wa mbele umeandikwa Daka, mweupe, mpana, kila mtu aweza kuandika. Ukurasa wa ndani una majina, na umefungwa. Kina mama wauona, ila anayeweza kuugusa ni Tumu pekee.

Walishi wenzake wawili, mmoja wa Bondeni na mmoja wa Makadara, wameshamwomba awatengenezee kama hiyo. Ana mpango wa kuwafundisha yeye mwenyewe, na kuwadai wenye harusi bando kabla hajavaa viatu. Akiulizwa anatamani nini zaidi, hafikirii. "Harusi moja tu ambayo majina yatakaa yalipowekwa. Moja! Nami nione inavyokuwa."

Asubuhi ya kwanza ya kazi hiyo mpya, amesimama mbele ya mlango wa watu huko Kuze, anafungua tableti. Kwenye Daka kuna salamu tisa, dua ndefu ya kumwombea bi harusi, na mtu anayeuliza nani aliondoka na sufuria yake kwenye harusi iliyopita. Anafungua ukurasa wa ndani. Majina yametulia, kila moja pahali pake.

"Haya, kaeni huko huko," anaiambia tableti.

Anaitia mfukoni. Kisha anaguna, anaitoa tena, anarudi kwenye Daka na kuandika chini ya salamu ya tisa, "Waaleikum salaam, hatujambo." Hapo ndipo anapobisha hodi.