Chefu wa Tsulubi Akataa Kutia Sahihi

Tsulubi ni vilima vya baridi, ukitoka Bunia kuelekea Kpandroma. Watu wa huko walisema machefu wao hawajawahi kushindwa, kwa kuwa huhamia upande wa mshindi mapema. Lambert Ngadjole alilisikia neno hilo tangu utotoni, wala halikumuudhi. Babu yake aliwaacha ndugu zake vichakani wakipigana, akashuka kuwapokea Wabelgiji, akavishwa medali. Baba yake naye, machefu jirani walipobatizwa na mapadri, alikwenda kwa wamisionari Waprotestanti, maana hao walimwahidi shule na zahanati. Vyote viwili vikajengwa. Lambert aliporithi kiti mwaka 1969, alijiona mtoto wa watu wenye akili.

Zamu yake ilifika 1972. Serikali ilipokataza majina ya ubatizo, yeye alikuwa wa kwanza kushuka Bunia na kuacha lile la Lambert. Akashonesha abakosti mbili, suti zisizo na tai zilizotakiwa na serikali. Kila Jumamosi mbele ya ofisi alicheza animasyo, nyimbo na ngoma za kukisifu Chama, chama pekee cha nchi, jasho likimtiririka mpaka kwenye kola. Pasta Marcellin, waliyesoma naye benchi moja, akamzuia Meza ya Bwana.

"Chefu, weye unamuchezea bwana gani?"

"Nachezea paa ya shule, Pasta. Inavuja, na Chama ndiyo iko na mabati."

Mabati yalifika kabla ya mvua.

Halafu serikali ikaamua kuwahamisha machefu, kila mmoja atawale eneo la mwenzake badala ya kwao. Ngadjole na mkewe Berthe wakapelekwa kando ya ziwa, upande wa Mahagi, kwa wavuvi Wakatoliki ambao hawakujua lolote juu ya medali ya babu wala shule ya baba. Mkutano wake wa kwanza ulihudhuriwa na wazee watatu na mbuzi mmoja. Berthe alicheka hadi akakaa chini. Ngadjole hakucheka. Kwa mara ya kwanza maishani hakuwa mtoto wa mtu yeyote.

Alianza upya. Akajifunza lugha yao, akawafuata ufukweni kusikiliza ugomvi wa nyavu, na alipokosea hukumu alirudi akaisahihisha mbele ya watu. Baada ya miaka mitatu, amri ilipotoka machefu warudi kwao, wavuvi walibeba mizigo yake wenyewe hadi barabarani.

Mwaka 1981 aliitwa Bunia. Mkubwa mmoja wa serikali alimsukumia karatasi: ektari mia nane za malisho ya Tsulubi, apewe tajiri mmoja wa Kinshasa. Juu ya malisho hayo familia sitini zilichunga ng'ombe na kulima viazi.

"Sinya hapa, Chefu. Ni formalité tu. Babu yako alisinya, baba yako alisinya. Ninyi watu wa Tsulubi hamujuake kukataa."

"Ni kweli, Citoyen," Ngadjole akasema polepole, akimwita raia kama Chama kilivyoagiza. "Babu yangu aligeuka, watu wakapata amani. Baba yangu aligeuka, wakapata masomo. Miye niligeuka, wakapata mabati. Na hii karatasi, wao watapata nini?"

Mkubwa akamtia kalamu mkononi. "Weye utapata Land Rover."

"Basi haifanane na zile zingine," Ngadjole akasema, akairudisha kalamu mezani.

Alisimamishwa kazi palepale. Akapanda lori la magunia ya chumvi, akafika nyumbani jua likizama.

"Berthe, miye si chefu tena."

"Basi kesho utanisaidia kupanda viazi."

Akapanda viazi misimu mitatu. Mgeni aliyewekwa kwenye kiti chake alitia sahihi, akawaita vijana wafyeke mpaka wa shamba la tajiri; kila mmoja akasema anaumwa mgongo. Mpima ardhi alipokuja na mnyororo wake wa kupimia, aliikuta ibada ya Pasta Marcellin kilimani: watu mia nne, ng'ombe katikati yao, wakiimba. Ngadjole alikuwa safu ya mbele, miguu yake ina udongo. Wakampa mpima kiti na bakuli la maziwa. Akasikiliza mahubiri yote, kisha akarudi Bunia na kuandika maneno mawili yaliyozuia hati isitolewe: ardhi imekaliwa. Tajiri akatafuta shamba kwingine, na yule chefu mgeni akaomba kuondoka.

Mwanzoni mwa 1983 Ngadjole alirudishiwa kiti kwa barua ya mistari miwili. Jumapili akasimama kanisani, akatubu kucheza animasyo, naye Pasta Marcellin akampa mkate kwa mkono wake mwenyewe. Jumatatu alipofungua ofisi, foleni ya wenye kesi ilikuwa imefika barabarani. Akavua koti, akamwita wa kwanza.