Krai wa Mzee Prawet

Sokoni Nakhon Sawan, mji wa Thailand ulio kando ya mto, hakuna anayemfikia Bunruean kwa kababu za krai. Krai ni samaki bapa mwenye kibyongo na madoa meusi ubavuni, na huogelea kinyumenyume kwa wepisi uleule wa kwenda mbele. Siku moja, kwenye beseni la samaki wa kutwangwa, alikuwamo mmoja aliye hai. Mume wa Bunruean, Mzee Prawet, fundi wa injini za boti aliyestaafu, akamwomba amwachie samaki huyo. Akamtengenezea tangi la kioo lililomeza nusu ya sebule.

Majirani hatukuchoka kumtania. "Mjomba, huyo mwanao tunamkaanga lini?"

"Kamkaange mama mkwe wako kwanza," alijibu, huku akimlisha krai kamba wadogo kwa mkono.

Kisha moyo ukamsumbua, akapelekwa kupasuliwa. Bunruean alikwenda kwenye kibanda cha mzimu karibu na daraja, akapiga magoti na kuweka nadhiri: mume wangu akirudi hai, kiumbe anachokipenda kuliko vyote nitakiachia huru mtoni. Mzee akarudi. Alipopata nguvu za kutembea, mkewe akamwambia. Mimi nilikuwa mlangoni na sahani, nimefuata kababu.

"Umemtoa samaki wangu bila kuniuliza!"

"Ningekuulizaje nawe umelala na mipira puani?"

"Aliyeniponya ni daktari, si mzimu!"

"Haya, kamwambie mzimu mwenyewe, usikie atakavyokujibu."

Mzee akashusha sauti. "Tununue mikunga wa kuachia mtoni badala yake, mke wangu. Ndoo nzima. Tuwaachie wote."

"Sikuahidi mikunga."

"Hukuwa na kingine cha kutaja?"

Bunruean aliendelea kutwanga. "Nilipiga magoti nikajiuliza mume wangu anapenda nini zaidi. Nilitamani jibu liwe mimi. Lakini mzimu haudanganywi, na nilikuwa nataka urudi."

Niliona aibu kuwapo. Mzee akaenda kutafuta ndoo.

Alimwachia kwenye gati la hekalu, ambako ni mwiko kuvua. Krai alirudi nyuma kidogo, kinyumenyume, akapotea chini ya mbao. Mzee alilia, wala hakujificha.

"Ameshaenda," mkewe alisema kutoka juu ya ngazi. "Twende nyumbani."

"Najua ameenda. Shuka ukae hapa na mimi."

Bunruean alishuka akilalamikia magoti yake, akakaa.