Nyoka wa Magokoro na Koti la Onchari

Nilipokuwa mtoto wa kutumwa maji kwa kibuyu kidogo, bado sijaaminiwa mtungi, bibi yangu alifuga nyoka. Naiandika sentensi hiyo na bado naona haya kidogo, maana nimezaliwa katika nyumba ya Wasabato na baba yangu alikuwa mzee wa kanisa. Lakini ndivyo ilivyokuwa huko kwetu, karibu na Ekerenyo, mwanzoni mwa miaka ya sabini, pareto ilipokuwa bado inachanua nyeupe kwenye vilima ambavyo leo ni chai tupu.

Bibi tulimwita Magokoro, kama Wakisii wanavyowaita bibi zao. Alikuwa mfupi, mkavu, mwenye ulimi ambao hata majogoo waliuheshimu. Watoto waliomsalia walikuwa wawili, baba yangu na mdogo wake Onchari, kitinda mimba. Onchari alikuwa mrefu kupita kiasi. Akiingia kwa mama yake ilimbidi ainame, na Magokoro alikuwa akimtania kwamba angalau mlango wake umemfundisha mmoja wa wanawe adabu. Alikwenda Kericho kuchuma chai kwenye mashamba makubwa, na kila alipokuja likizo alinibeba mabegani nikagusa nyasi za paa kwa ndani.

Kericho ndiko alikofia. Alishikwa na homa wakati wa mvua kubwa. Habari ilipotufikia kwa mdomo wa jirani aliyefanya kazi huko, Baba aliondoka siku hiyo hiyo, lakini alimkuta ndugu yake ameshafariki na mwili hauwezi kungoja. Barabara zilikuwa tope tupu na hakuna mwenye gari aliyekubali kubeba maiti hadi kwetu. Akafanya walilofanya wengi: akamzika kwenye makaburi ya wafanyakazi, kati ya watu wasiomjua, akarudi nyumbani na koti lake.

Magokoro alikuwa ameketi mlangoni alipolipokea. Alilinusa, akalikunja, akauliza mwenye koti yuko wapi. Baba akaeleza habari za tope na magari, akasema amemlaza vizuri na maombi yamefanyika.

"Hukumlaza," Magokoro alisema. "Umemwacha."

 Magokoro akaliweka koti mapajani, akasema neno ambalo sisi watoto tulikwenda nalo kulala: "Mtu asiyelazwa kwao hurudi mwenyewe. Na hatabisha hodi."

Ni lazima nieleze kidogo, kwa ajili ya wasiotujua. Wazee wetu waliamini kwamba ebirecha, yaani roho za waliotutangulia, huweza kuja nyumbani kwa umbo la mnyama. Nyoka akiingia ndani kwa utulivu, asitishe mtu, hapigwi. Anamwagiwa maziwa kidogo, anaambiwa kwa heshima kwamba ameonekana, na kwa kawaida anaondoka. Kanisani tulifundishwa kinyume kabisa, kwamba nyoka ni yule yule wa bustanini. Sisi watoto tuliyaamini yote mawili na hatukuona shida yoyote.

Basi, wakati wa kuvuna wimbi, yaani ulezi, Magokoro aliamka akamkuta nyoka amejikunja kando ya jiko, pale pale Onchari alipokuwa akipenda kuketi na miguu yake mirefu. Alikuwa wa kahawia, hana ukubwa wa kutisha, na kichwani alikuwa na mistari miwili ya rangi ya maziwa iliyopita kwenye macho. Magokoro alimmwagia maziwa, akamsemesha. Nyoka hakuondoka, siku ile wala zilizofuata. Maziwa, kusema kweli, sikuwahi kumwona akiyanywa, ila paka wetu alinenepa msimu ule. Panya ndio walioisha nyumbani mwa Magokoro.

Alimtengenezea makao katika kikapu kikubwa cha kifuniko, akatandika majani makavu ya mgomba na kumwekea bakuli la udongo la maji. Akamwita Onchari. Mama yangu alisikia, akaendelea kuchagua mboga. Baba aliposikia alisimama uani akasema huyo kiumbe atoke kabla kanisa halijajua. Magokoro alimjibu kutoka ndani kwamba akitoka yeye, watatoka wawili. Tangu siku hiyo Baba hakuvuka tena kizingiti cha mama yake. Alimsalimia kutoka nje, naye akaitikia kutoka ndani, na mimi niliyependa kukaa huko niliona jinsi kila mmoja alivyosubiri kidogo baada ya salamu, kama kuna neno jingine linakuja.

Halafu nyoka akaanza kuugua.

Alikuwa akishinda ndani ya bakuli la maji, amejikunja humo, kichwa tu kikiwa nje. Akitolewa anarudi. Magokoro macho yake yalikuwa yameanza ukungu, kwa hiyo alinivuta karibu na mlango penye mwanga akaniambia niangalie kwa niaba yake. Nikaangalia kwa woga, pua imekunjamana. Nikaona vitone vyeusi, vidogo kuliko mbegu za tumbaku, vimezunguka macho yake na kujaa chini ya kidevu, kati ya gamba na gamba. Nilipoviangalia sana vikatembea. Maji ya bakuli nayo yalikuwa na vitone vingi vilivyozama.

Mama aliponisikia nikisimulia alisema ni utitiri, na huo umetoka kwenye kikapu, kwani si ndimo kuku alimoatamia? Mama alikuwa mtu wa majibu mafupi, na naamini alikuwa karibu na ukweli kuliko sisi sote. Lakini Magokoro hakutaka habari za kuku. Alisema hilo ni vumbi la ugenini. Mwanawe amelazwa katika udongo usiomjua, hakuoshwa na mkono wa mama yake, na sasa amekuja na udongo huo mwilini, unamla. Tukimtakasa atajivua ngozi, aende zake akapumzike. Akifa nao, atatangatanga milele, si huko wala huku. Alinieleza hayo polepole, na nilielewa kwamba hatukuwa tena tukitibu nyoka.

Tukaanza kazi. Tulichoma majani yote ya kikapuni na kutandika mapya, tena na tena. Kikapu chenyewe tulikipitisha juu ya moto hadi kikanuka moshi. Magokoro alipasha maji yakawa vuguvugu, akamshika nyoka kwa mikono miwili, akamwogesha. Kisha mimi nilichovya unyoya wa kuku kwenye samli nikampaka kuzunguka macho na chini ya kidevu, na vile vitone vilivyonaswa na mafuta Magokoro alivifuta kwa kitambaa. Woga wangu ulikwisha bila mimi kujua umekwisha lini. Ngozi yake haikuwa na utelezi niliotarajia, ilikuwa kavu na safi, na nilimhurumia.

Alipokuwa akimwogesha, Magokoro alisema naye. Hakumwambia maneno ya mizimu. Alimwambia geuka, inua shingo, hapa nyuma ya sikio hukuoga, wewe umekuwa hivi tangu utoto. Nyoka hana sikio, lakini sikucheka. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Siku moja nilipoinua kichwa nilimwona Baba amesimama nje ya mlango. Sijui alikuwa amesimama tangu lini. Alikuwa akimtazama mama yake anavyoosha, na uso wake ulikuwa wa mtu ninayemfahamu na nisiyemfahamu. Aliponiona nimemwona akaondoka, akaenda kwenye pareto yake. Nyoka naye alikuwa akipata nafuu. Vitone vilikuwa vimepungua sana, alikuwa hashindi tena majini, na macho yake yalianza kuwa na weupe wa maziwa. Magokoro alinifundisha kwamba huo ni mwanzo wa kujivua.

Jumapili iliyofuata Magokoro alikuwa shambani akichimba viazi. Baba alikuja na bakuli. Alivuka kile kizingiti, akaniuliza kikapu kiko wapi, na nilipomwonyesha aliketi chini, yeye mzee wa kanisa, akafungua kifuniko. Katika bakuli kulikuwa na maua ya pareto aliyoyatoa kwenye vitanda vya kukaushia na kuyatwanga mwenyewe yakawa unga.

Mtu wa kwetu hakuhitaji kuuliza pareto ni ya nini. Tuliinyunyizia kuua wadudu kwenye viota vya kuku, kwenye vitanda vyenye viroboto, kwenye manyoya ya mbwa. Haikumdhuru mtoto, haikumdhuru ng'ombe. Ilikuwa utajiri wa vilima vyetu, na katika akili ya Baba ilikuwa zawadi bora aliyokuwa nayo. "Hata kuku wanapona kwa hii," aliniambia, akamnyunyizia nyoka mwili mzima kwa vidole vyake, taratibu, kama anayetia chumvi, akajaza unga kwenye majani ya kikapuni pia, akafunika ili dawa isipotee. Kisha akabaki ameketi pale. Nadhani alitaka Magokoro amkute ndani.

Tulisikia kikapu kikitikisika. Baba alipofunua, nyoka alikuwa akijipindapinda, kichwa kinayumba, hajui juu wala chini. Akageuka tumbo likawa juu. Baba alimtoa akamtia kwenye maji, akamsugua kwa viganja vyake, akamsugua tena, na midomo yake ilikuwa ikisema kitu ambacho mwanzoni nilidhani ni sala. Alikuwa akiita jina. Alikuwa akimwita Onchari, ndugu yake.

Magokoro alituingilia tukiwa hivyo, mikono yake ina udongo wa viazi. Aliona bakuli la pareto, aliona nyoka amelegea mikononi mwa mwanawe. Nilingoja ule ulimi wake. Haukuja. Alimchukua nyoka, akaniita mlangoni penye mwanga.

"Angalia kwa macho yako," alisema. "Vumbi limekwisha?"

Nikaangalia kuzunguka macho, chini ya kidevu, kila mahali nilipopajua. Utitiri wote ulikuwa umekufa. Ulikuwa umebaki majini, umeelea. Nikamwambia limekwisha, hakuna hata moja.

"Basi ameoga," Magokoro akasema. Akaketi, akalia. Sikuwa nimewahi kumwona akilia, hata koti lilipokuja peke yake.

Baba alisimama akielekea mlangoni, nafikiri alitaka kwenda mbali tu, popote. Magokoro akamzuia kwa sauti ya chini.

"Mara hii nipo. Chukua jembe."

Akalichukua. Alimwonyesha mahali upande wa kulia wa nyumba, wanakozikwa wanaume wa boma letu. Baba alichimba kishimo cha kumtosha nyoka, akasimama. Magokoro alikitazama.

"Onchari alikuwa mrefu," alisema.

 Baba alivua shati akaendelea. Alichimba alasiri yote, akarefusha upande mmoja kisha wa pili, akashuka hadi mabega yake yakazama, na mama yangu alikuja na maji akampa bila kuuliza swali. Magokoro alileta koti kutoka darini alikokuwa amelihifadhi. Akamfunga nyoka ndani yake, akafunga vifungo vyote hadi cha shingo, akamkabidhi Baba. Baba alimlaza, akapanda juu, akavua kofia. Aliomba kama anavyoomba mzee wa kanisa juu ya mtu, akamtaja ndugu yake kwa jina, akamaliza kwa kuomba msamaha. Sikujua aliomba kwa Mungu au kwa mama yake.

Kanisani habari zilifika, kwetu hakuna kitu kisichofika. Walimwita, wakamwondolea uzee wake kwa muda mrefu. Alikubali, akakaa viti vya nyuma na kuimba bila kinyongo. Alipoulizwa alichozika alijibu kwamba amemzika ndugu yake, na zaidi ya hapo hakusema. Magokoro alinyoa nywele zake za kilio kama inavyompasa mfiwa, akaacha kumtengea Onchari sahani ya chakula, kama alivyokuwa akifanya tangu koti lilipokuja. Hakuishi miaka mingi baada ya hapo, lakini aliishi akiwa na mwanawe mmoja anayeingia na kutoka ndani mwake apendavyo, na nadhani hilo lilimtosha.

Watu wameniuliza, wanangu hasa, kama naamini yule nyoka alikuwa baba yangu mdogo. Siku hizi najua kwamba nyoka hawanywi maziwa, na kwamba ile pareto, salama kwa kuku, inamuua nyoka akifunikwa nayo. Najua pia kwamba kwa samli na unyoya, polepole, angepona. Hayo yote nayajua na hayanisaidii. Mwanamke yule alihitaji kumwosha mwanawe, na mwanamume yule alihitaji kuchimba kaburi alilokuwa hajalichimba kwao. Walipata nafasi hiyo kwa gharama ya kiumbe aliyekuja kutafuta panya tu. Bado naona huzuni kwa ajili yake yeye pia.

Baba alifariki mzee sana, akiwa amesharudi viti vya mbele kanisani. Alikuwa ameagiza azikwe upande wa kulia, karibu na lile kaburi refu ambalo maisha yake yote alilipalilia mwenyewe. Vijana waliokuja kuchimba walilikuta, wakasimamisha majembe, wakaniuliza ni la nani, wasije wakamwingilia mtu.

Niliwaambia wasogee kidogo, hapo amelala Onchari, mdogo wake. Wakasogea.