Uzi Ulikuwa Mfukoni Mwangu

Pete ilitoka kwenye machimbo ya Salamabila, lakini uvimbe ulitoka ukutani. Nianze na ukuta. Siku habari ilipofika kwamba shimo la dhahabu limemfunika kaka yangu, mke wake hakulia vile wanawake wa huku wanavyolia. Aligeukia ukuta wa nyumba, ukuta wa matofali ya kuchoma, mimi mwenyewe nilibeba udongo wake na mgongo unaniuma mpaka leo, akaupiga kwa mkono wa kushoto. Mara tatu, mara nne. Asubuhi yake kidole cha pete kilikuwa kinene kama ndizi iliyoiva.

Mimi nilisoma darasa mbili tu, kwa hiyo nasema mambo vile yalikuwa. Sijui kuyapamba.

Sisi ni Waislamu wa Kasongo mjini. Mwanamke akifiwa na mume anakaa eda, na akikaa eda mapambo yote yanatoka mwilini. Hereni zilitoka. Bangili ilitoka. Pete ikakataa.

Kazi ya kuvua ilisimamiwa na dada yetu mkubwa. Sote tunamwita Yaya, hata wajukuu wake. Ana sauti ya kuita mtumbwi kutoka ng'ambo ya mto, na hata msibani haipunguzi. Alimketisha mjane kwenye mkeka uani, wifi mmoja akamshika bega, mwingine akakalia mkono. Wakapaka sabuni, wakavuta. Wakapaka mawese, wakavuta. Halafu wakapaka sabuni juu ya mawese, na hiyo sijui nani aliwafundisha.

"Vuta, wewe. Huu si muhogo, hautakatika."

"Bwana yake alichimba mpaka udongo ukamumeza, na sisi tunashindwa kuchimba kidole kimoja?"

Wakacheka. Ndiyo, walicheka, na maiti ya kaka ilikuwa bado haijafika.

"Mawifi, munaniumiza," mjane akasema.

"Kaka yetu aliumia zaidi," Yaya akamjibu.

Jirani mmoja, mama mwenye huruma, akasema fundi wa baiskeli iko na msumeno mdogo, aitwe akate pete. Yaya alimtazama kama mtu aliyetema mate kwenye chungu.

"Pete ya marehemu haikatwi. Ukiikata, unamukata yeye pamoja na watoto alioacha."

Tuliamini wote. Bibi yetu alisema hivyo, na kabla yake sijui nani. Baadaye sana mwalimu wa msikiti alituambia hajaona maneno hayo popote, labda ni woga wa bibi tu. Lakini hayo ni ya baadaye.

Sasa mimi. Mimi nilikaa kwenye kigoda karibu na mlango, na kikombe cha chai mkononi. Katika mfuko wa shati kulikuwa na bobini ya uzi wa nailoni na sindano ya wavu. Nilivua samaki mtoni kule Nyangwe tangu ujana, na mvuvi hatembei bila uzi wa kushonea wavu. Kule samaki wenye miiba wanachoma watu mikononi kila siku, vidole vinavimba, na pete haitoki kwa kuvuta. Unapitisha ncha ya uzi chini ya pete kwa sindano ya wavu. Halafu unakizungushia kidole uzi kuanzia kwenye pete mpaka kupita kifundo, kwa kukaza, mzunguko ukigusa mzunguko, nyama inalala. Kisha unashika ile ncha iliyobaki chini, unafungua polepole, na pete inapanda yenyewe juu ya uzi mpaka inatoka. Nilishawafanyia watu watatu. Nilijua.

Na nilinyamaza. Sababu yake ni hii. Kabla kaka hajamwoa mwanamke yule, mimi ndiye nilimposa wa kwanza. Wajomba zangu walienda kwao na mbuzi na vitenge, na yeye akajibu mbele yao kwamba hawezi kulala karibu na harufu ya samaki. Wajomba walicheka njia nzima kurudi. Mwaka uliofuata kaka akamwoa, na siku ya arusi mimi nilibeba viti.

Jua lilipofika kichwani mjane akanigeukia. "Shemeji, wewe mutu wa mto, hauna dawa ya hii?"

"Mimi ni mutu wa kunuka samaki," nikasema. "Mambo ya dhahabu siyajui."

Alinitazama kidogo tu. Akaelewa.

Yaya akajaribu kwa meno. Ngozi ikachubuka, pete ikabaki. Ncha ya kidole ikawa zambarau, kisha ikawa na rangi ya masizi. Enfirmie, muuguzi wa mtaa, alikuja kutoa pole, akakiona, akachukua sindano akachoma ncha. Mjane hakushtuka.

"Hasikii," enfirmie akasema. "Pete ikatwe sasa, ama kidole kitaenda nayo."

"Basi kiende," Yaya akasema. "Pete haikatwi."

Hapo mjane akanigeukia tena, watu wote wakisikia.

"Shemeji, nilikutukana zamani mbele ya wajomba zako. Nisamehe. Kama kuna kitu unajua, kifanye."

Maneno hayo niliyangojea miaka na miaka, na sitadanganya, yalikuwa matamu. Nilimaliza chai kwanza. Ndipo nikatoa bobini.

Haikuchukua hata muda wa maji kuchemka. Pete ikaanguka kwenye mkeka. Hakuna aliyenishukuru. Wote walikuwa wanatazama mfuko wa shati langu.

"Uzi ulikuwa hapo tangu asubuhi?" mjane akauliza.

"Tangu asubuhi."

Yaya aliokota pete, akaifuta mawese kwa kitenge, akaifunga kwenye pindo.

Kidole hakikurudi. Siku ya nne walikikata hospitalini, kwenye shina. Enfirmie aliniambia kwamba asubuhi ile, kama pete ingetoka, dawa za kumeza zingetosha. Hakusema kwa hasira. Afadhali angenitukana.

Eda iliisha, miaka imepita. Magoti yangu hayataki tena mtumbwi, nimerudi kukaa Kasongo, na yeye iko bado katika nyumba ile ya matofali. Tunakutana njia ya soko. Watu wote anawasalimia kwa mkono wa kuume. Mimi ananyooshea wa kushoto, mkono ambao kwetu haupewi mtu, wenye vidole vinne, na anauacha hapo mpaka wapita njia waone.

"Habari ya samaki, shemeji?"

"Nzuri," namjibu. Naupokea mkono, na kiganja changu kinapapasa pale pasipo na kitu.