Nilishindanisha headphone mpya na zangu chakavu, upande wa kushoto ukaniumbua

Wakuu, salaam kutoka Mpanda.

Ninachoandika hapa kimenitokea mimi mwenyewe, mwezi huu huu, sijasimuliwa na mtu. Nimejaribu kukikalia kimya nimeshindwa. Kama wewe ni wa kuja kucheka, cheka, ila maliza kwanza kusoma.

Mnijue kidogo. Nakaa Shanwe, na kazi yangu ni kuendesha mashine ya kukoboa mpunga kule Mwamkulu, huu mwaka wa sita. Jioni ni mwalimu wa kwaya kwenye kigango chetu.

Sasa najua mkisikia mwalimu wa kwaya mnafikiria mtu wa nota na kinanda. Mimi nota sisomi. Ukiniwekea karatasi ya nota naona viluwiluwi tu kwenye dimbwi.

Nafundisha kwa sikio. Narushiwa audio, naisikiliza mpaka nazishika sauti zote nne, halafu naenda kuwaimbia wanakwaya, kila kundi na sauti yake. Na sifa yangu hapa mjini ni hiyo. Watu wanasema yule jamaa ana sikio.

Kwa hiyo sikio ndiyo ofisi yangu. Likifungwa, mimi kwenye kwaya sina changu. Naomba hilo mliweke akilini.

Twende kwenye headphone.

Nilikuwa na headphone zangu za bluetooth, zile kubwa za kufunika masikio. Za siku nyingi. Sponji limebanduka, nimezungushia solotepu, na chaji ikikaa sana ni saa mbili. Nilizoea kuzivaa hata kazini, volume mpaka mwisho, ili nisisikie kelele za injini. (Wataalamu mnaotikisa kichwa hapo, nawaona. Subirini.)

Kuanzia mwaka jana upande wa kushoto ukaanza kufifia. Sauti inakuja, lakini kwa mbali, kama redio ya jirani. Nikasema ni uzee wa kifaa, nikaendelea.

Shida ikaja kwenye wimbo wa sikukuu ya mtakatifu somo wa kigango. Rafiki yangu mmoja, mwalimu wa kwaya kule Kabungu, alinitumia wimbo mpya, mzuri sana. Akanipangia vizuri kabisa: upande wa kulia wanaimba wote, upande wa kushoto ameweka sauti ya pili peke yake, kwa sababu kwenye wimbo ule sauti ya pili ndiyo ina kona nyingi.

Nikasikiliza na headphone zangu chakavu. Kulia safi. Kushoto naokota okota tu. Nikijaribu spika ya simu vinachanganyika vyote, sauti ya pili inamezwa.

Hapa naungama, wakuu. Yale maeneo ambayo sikuyasikia vizuri, niliyajaza kwa uzoefu. Nikabuni. Nikawafundisha akina mama wa sauti ya pili kwa kujiamini kabisa.

Kiongozi wa sauti ya pili alikuwa Mama Getruda. Ni mama wa makamo, anauza samaki sokoni, migebuka ya ziwani, yupo kwenye kwaya hiyo tangu mimi sijahamia Mpanda.

Kila tukifika kwenye kiitikio, pale kwenye neno "msifuni", kuna kitu kinakwaruza. Mimi nimewaambia washuke. Kuna mtu anapanda. Nikaanza kupita mbele ya mmoja mmoja nikitega sikio, nikamkuta ni yeye.

Nikamsahihisha mara ya kwanza. Mara ya pili. Mara ya tatu nikapandwa na hasira, na mimi hasira zangu ziko karibu, mke wangu ni shahidi. Nikamvua uongozi pale pale, mbele ya kwaya nzima. Nikamwambia anapotosha wenzake.

Akasema, "Sawa, mwalimu." Akachukua kitenge chake, akaenda kukaa benchi la nyuma.

Baada ya siku ile sauti ya pili ikapwaya kabisa. Zimebaki wiki tatu sikukuu ifike na mimi usingizi sina. Nikasema hapana, ninunue headphone nyingine niusikilize wimbo upya, nijue moja.

Jumamosi nikaingia dukani mjini. Za bei chee, elfu ishirini na tano, lakini ukiziona unazitamani. Nyepesi, sponji laini, nimeambiwa chaji inafika siku mbili. Nikaziwasha nikiwa bado barabarani.

Bass nzito, safi. Kulia kunalia vizuri kuliko zile za zamani.

Kushoto, kwa mbali. Vile vile.

Wakuu, damu ikanichemka. Nikageuza palepale. Nikamkuta yule dada muuzaji anakunywa chai, hata sikumsalimia. Nikamwambia, "Mmeniuzia feki. Upande mmoja umekufa."

Akazivaa. Akasema, "Mbona zinalia pande zote, kaka?"

"Nisikilize mimi niliyenunua au wewe unayeuza?"

Maskini, hakubishana. Akanifungulia boksi jingine. Nikavaa. Kushoto kwa mbali. Nikamwambia basi mzigo wenu wote ni mbovu. Kuna mteja alikuwa pembeni akaziomba, akajaribu, akaniangalia usoni. Akasema, "Mzee, hizi nzima."

Nikachukua lile boksi la pili nikaondoka bila kuaga.

Jumapili, baada ya misa na chakula cha mchana, nikakaa sebuleni na headphone zote mbili mezani. Nikasema leo nazishindanisha hizi mpya na chakavu, wimbo ule ule, volume ile ile, nijue ipi mbovu zaidi.

Chakavu: kulia inasikika, kushoto imefifia.

Mpya: kulia inasikika, kushoto imefifia.

Nikaizima simu, nikaiwasha. Vile vile. Nikaingia kwenye settings, kuna mahali pa kugawa sauti kulia na kushoto. Iko katikati.

Nikamwita mke wangu, nikamvalisha zile mpya. Akasema ziko sawa. Nikamvalisha chakavu. Akakunja pua kidogo kwa sababu ya ile solotepu, akasema, "Na hizi ziko sawa, Baba Devota. Zinanuka tu."

Wazo likanijia ambalo sikulitaka. Nilikaa nalo labda dakika tano nzima nikijifanya natafuta chaja.

Wazo lenyewe: geuza. Upande wa kushoto wa headphone uweke sikio la kulia, na wa kulia uweke sikio la kushoto. Kama ubovu uko kwenye headphone, utahama. Kama hautahama...

Nikageuza zile mpya. Nikabonyeza play.

Sikio langu la kulia likajaa sauti ya pili. Wazi, tamu, kila neno. Mara ya kwanza naisikia tangu nitumiwe ule wimbo. Na sikio la kushoto, ambalo sasa lilikuwa linapewa kwaya nzima, sauti zote nne kwa pamoja, likawa linasikia watu wanaimba ng'ambo ya mto.

Nikavua, nikageuza chakavu. Hivyo hivyo.

Headphone zote zilikuwa nzima. Hata zile za solotepu. Mbovu nilikuwa mimi.

Niliogopa, wakuu. Sitaki kupamba. Nikamwambia mke wangu. Hakushtuka, na hilo ndilo lilinitisha zaidi. Akasema, "Siku hizi nikikuita upande ule huitiki. Nilijua unanipuuza, nikaamua kukaa kimya."

Mwaka mzima mwanamke anajua anapuuzwa.

Wakati yeye anaongea, wimbo ulikuwa bado unaendelea kwenye headphone nilizoshika mkononi. Nikazivaa tena kwa kugeuza, kwa sababu kulikuwa na jambo jingine nalihofia. Nikasubiri kiitikio. Kikafika kwenye "msifuni".

Sauti ya pili ikapanda.

Ikapanda vizuri kabisa, kama alivyokuwa anapanda Mama Getruda. Nilirudia mara sita nikiomba ishuke.

Jumatatu sikwenda kwenye mashine. Nilikwenda hospitali. Kwenye foleni nilikuwa naomba Mungu iwe nta ya sikio tu. Daktari akamulika, akasema nta ipo, wakasafisha. Nilifurahi mapema. Sauti ilirudi kidogo tu, siyo yote.

Akaniuliza kazi. Nikamwambia. Akauliza injini inakaa upande gani nikiwa nimesimama. Nikafikiria, nikamwambia kushoto. Miaka sita, kushoto. Akauliza na muziki je, nikamwambia volume mpaka mwisho. Akaacha kuandika, akaniangalia.

Nimepewa rufaa nikapimwe na bingwa wa masikio nje ya mkoa. Amesema huenda kilichopotea kisirudi, na kwamba la kulia nalo nisilichezee. Hiyo sentensi ya mwisho ndiyo inayonikosesha raha mpaka leo. Nikisikia jogoo nawaza, nimemsikia kwa masikio mawili au moja?

Jumanne nikaenda sokoni kwa Mama Getruda. Nilizunguka meza za samaki mara mbili kabla sijasogea. Nilikuwa naogopa vitu viwili: kumwomba radhi, na kumwambia sababu. Maana nikisema sikio halisikii, kesho yake Mpanda nzima inajua, na nani anataka mwalimu wa kwaya kiziwi?

Akaniona yeye kwanza. "Karibu mwalimu. Leo migebuka ni mizuri."

Nikamwambia sikuja kununua. Nikamwambia yote, tangu headphone mpaka daktari. Nikamwambia pale kwenye "msifuni" yeye alikuwa sahihi na mimi nilibuni.

Akasema, "Najua. Dada yangu anaimba kwaya ya Kabungu. Wimbo ule nimeuimba jikoni kwake kabla wewe hujatuletea."

Hapo nikakasirika tena kidogo, nisiwafiche. Nikamuuliza, "Sasa mama, kwa nini hukuniambia? Umeniacha nikakuvua uongozi mbele za watu!"

Akafuta mikono kwenye kitenge.

"Nilikuambia, mwalimu. Siku ile ile, kabla hujanivua. Sikutaka watu wasikie, nikakusogelea nikakuambia polepole. Ukatikisa kichwa, ukageuka ukaendelea. Nikasema basi, mwalimu hataki kusikia."

Nikamuuliza alisimama upande gani.

Akafikiria, akanyoosha mkono wake akanigusa bega. La kushoto.

Wakuu, nakumbuka hata kile kichwa nilichotikisa. Nyie ambao hamsikii vizuri mtanielewa: mtu akiongea usipomsikia, unatikisa kichwa yaishe. Nilikuwa natikisa kichwa mwaka mzima.

Jumatano kwenye mazoezi nikasimama mbele ya kwaya nikasema. Kwanza kwamba nilifundisha vibaya, Mama Getruda alikuwa sahihi, na uongozi ni wake. Pili, kwamba sikio langu la kushoto limekufa karibu lote, na wakitaka mwalimu mwingine sitakasirika. (Hapo nilidanganya, ningekasirika sana.)

Nilisikia mapigo ya moyo wangu, kwa sikio moja.

Mama Getruda akainuka, akashika benchi la sauti ya pili upande mmoja, akamwambia mwenzake, "Shika huko." Wakalibeba kutoka kushoto kwangu wakaliweka kulia. Wakakaa. Akasema, "Haya mwalimu, tupe sauti."

Besi wakahamia kushoto bila kuambiwa. Wale hata ukiwa kiziwi unawasikia kwenye nyayo.

Tukaimba. Kwenye "msifuni" wakapanda, wote, na nikawasikia. Nililazimika kugeuka nikajifanya natafuta karatasi.

Dada wa dukani nilirudi pia kumwomba radhi. Alicheka sana, sikumlaumu.

Nilichojifunza, kwa ufupi: ukiona kila kifaa unachogusa ni kibovu, kila mtu anakosea, kila mtu anaongea chini chini, simama ujipime wewe kwanza. Na wenzangu wa mashine za kukoboa, kusaga, kuchomelea, zibeni masikio. Siyo kwa muziki kama mimi. Zibeni kweli.

Kwa anayetaka majibu ya shindano lenyewe: mpya zimeshinda kwa chaji, wepesi na bass. Ila nimebaki na chakavu, maana nilizisingizia.

Zile mpya nimempa Mama Getruda. Nikipokea wimbo siku hizi namrushia, anasikiliza pande zote mbili akiwa sokoni, halafu jioni anakuja anasimama kulia kwangu na kuniambia upande wa kushoto wanaimba nini.

Safari ya kwa bingwa ni wiki ijayo. Naogopa. Aliyewahi kupitia kipimo cha masikio aniambie kinakuwaje, na kama kuna mtu la kwake lilirudi, hata kidogo, aandike hapa chini. Nitasoma zote. Kusoma bado nasoma vizuri.