Mkebe wa Wenye Mkanda

Wiki iliyopita nilifungua gunia la mahindi hapa nyumbani Kwamndolwa, nikapigwa na harufu ya vumbi la dumuzi, mdudu mtoboa mahindi. Harufu hiyo naijua tangu nikiwa na miaka tisa, kwa bibi yangu kule Handeni.

Mwaka huo chakula chetu chote kilikuwa darini juu ya jiko, mahindi hayajapukuchuliwa, yameiva kwa moshi. Bibi alinipa mkebe wenye mafuta ya taa kidogo.

"Mke mwenzangu," alinitania kama kawaida yake, "niokotee wale weusi wadogo wanaotoboa. Ukizembea tutatafuna magunzi."

Basi weusi wenyewe walijichimbia ndani ya punje, kuwapata ni kazi. Lakini palikuwa na wengine, wakubwa kidogo, wana manyoya na mkanda mwekundu mgongoni, wanatembea juu ya mahindi bila haya. Nikaona hao ndio wenye mji. Niliwaokota mpaka mkebe ukajaa, nikajiona mtu mzima.

Baada ya majuma machache Bibi alishika hindi moja, likamwagika unga mkononi. Baba akamwita bwana shamba. Nilimpa shikamoo na mkebe wangu, nikingoja sifa.

Hakunisifu. Alipanda darini, akashuka na mbawakawa mmoja mwenye mkanda, mzima, akamtia kwenye chupa pamoja na dumuzi wawili. Tukainama. Yule mwenye mkanda alimdaka dumuzi mmoja na kumtafuna mbele ya macho yetu.

"Huyu hali mahindi," alisema bwana shamba. "Anakula dumuzi na watoto wao. Hawezi kuwamaliza, lakini alikuwa upande wenu. Nani kawaua hawa wote?"

Baba akanigeukia.

"Nilimtuma mimi," Bibi akasema. "Nilimwambia aokote wenye mkanda."

Nilishtuka. Hakusema hivyo hata kidogo! Baba hakuniadhibu, na sisi tukala mihogo hadi mavuno. Moyoni nilijiambia Bibi amezeeka, amesahau, nikashukuru.

Asubuhi ya pili baada ya bwana shamba kuja, Bibi alinipa mkebe tena, akaniwekea dumuzi mmoja kiganjani. "Weusi wadogo, mke mwenzangu," alisema taratibu. "Wanaotoboa."

Nililipokea kama agizo jipya. Nilikuwa mtu mzima nilipong'amua kwamba maneno yalikuwa yaleyale, na kwamba Bibi hakuwa amesahau hata moja.