Kinga ya Kuazima

Mwanamke mmoja, fundi cherehani, alikuwa na chumba kimoja cha kazi, mlango wake ukiangalia barabara. Chini ya meza ya kukatia alilala Kipande, mtoto wa mbwa aliyebaki peke yake. Ndugu zake walichukuliwa na majirani. Mama yao aligongwa na gari walipokuwa ndiyo kwanza wameanza kulamba uji.

Ugonjwa wa kuhara damu ulipoingia mtaani na kuanza kufagia watoto wa mbwa, fundi alimpeleka Kipande kwa daktari wa wanyama. Akachomwa sindano. Fundi akadhani kazi imekwisha.

"Bado, mama," daktari akamwambia. "Yale maziwa ya kwanza, dang'a, yalimwachia kinga ya mama yake. Chanjo ikiikuta kinga hiyo mwilini, huenda ikamezwa kabla mwili wa Kipande haujajifunza chochote. Ndiyo maana tunarudia, mpaka ile ya kuazima iishe."

"Yaani mama yake amekufa na bado anamlinda?"

"Anamlinda, na papo hapo anatuharibia kazi. Ataacha lini, hakuna ajuaye."

Fundi alirudi kwake kama mtu aliyechungulia mahali pasipochunguliwa. Daktari alikuwa amemwonya kwamba ugonjwa husafiri kwa nyayo, basi akaweka sheria: viatu vibaki nje. Wifi yake, aliyekuwa akimsaidia kushona vifungo, hakumpa nafasi ya kupumua.

"Watu wavue viatu kama wanaingia kwa mfalme, kisa mbwa?"

"Na wewe vua, wifi."

"Jamani, kaka yangu ameoa mtu wa namna gani!"

Kipande alipata sindano ya pili. Siku chache baadaye dereva wa lori akaleta suruali ipunguzwe urefu. Viatu akaviacha nje bila kuambiwa mara mbili. Fundi akaitandaza suruali mapajani, akaanza kufumua pindo la mguu mmoja. Kipande akadaka mguu wa pili na kuutafuna kwa raha zake.

"Mwache," wifi akacheka, "anakusaidia kufumua."

Dereva aliporudi kuichukua alikuwa na haya. "Samahani, mama, sikuifua. Niliivaa nikimzika mbwa wangu. Alihara damu mpaka akaisha."

Mkasi ukasimama hewani. Viatu alivizuia mlangoni, lakini pindo lililoburuzwa kwenye uchafu uleule alilipakata mwenyewe.

Daktari hakumficha kitu. "Sindano ya pili huenda imeshika, huenda nayo imemezwa na kinga ya mama yake. Tusubiri."

Wakasubiri. Wifi aliacha mizaha. Akawa anapiga deki kwa dawa kila asubuhi, akimtazama Kipande kwa jicho la pembeni. Fundi alishona kwa mkono mmoja, mwingine ukiwa juu ya tumbo la mbwa. Hakukuwa na homa wala mtetemeko. Hata hivyo, ndani ya mwili huo uliotosha kwenye kapu la vitambaa, ama kitu kisicho na macho kilikuwa kikimtambua adui kwa umbo lake, kama yeye anavyolitambua gauni alilolishona hata likipita mgongoni mwa mgeni, ama hakikuwepo kabisa.

Kipande alikula. Akalala. Akala tena. Siku za hatari zilipopita, daktari akampima damu.

"Kinga imejaa tele. Mama yake asingeweza kumwachia kiasi hiki mpaka leo. Hii ni yake mwenyewe. Mruhusu atoke."

"Amepigana vita yote hiyo bila hata kukohoa?" wifi akauliza kwa sauti ya chini.

Fundi alimwinua, akaweka sikio kwenye mbavu zake. Moyo ulidunda haraka haraka, haukusimulia lolote. Akamtua barabarani. Kipande akanusa vumbi lililowamaliza wenzake, akapiga chafya, akaenda zake.